Gemu Lililowashinda Mabingwa wa Kujificha

Umegeuza uso. Usibishe, mimi sisahau. Kila asubuhi unapita mbele ya kiwanda chetu cha nguo, unasikia cherehani mia na ishirini zikilia, unaona madirisha yenye nondo, na ghafla viatu vyako vinakuwa kitu cha kutazama. Basi leo tazama huku.

Mdogo wangu alishona nasi miaka miwili, akaachishwa kazi kwa kosa la kuuliza maswali. Akajifunza kompyuta peke yake, akaunda gemu la kutisha. Ndani yake wewe ni mshonaji uliyesahauliwa katika ukumbi wetu ule ule, na Msimamizi anakuwinda. Huna silaha, hata mkasi. Unajibanza tu. Ukikimbia, anasikia. Ukiangusha bobini ya uzi, anasikia.

Kampuni moja ilikubali kulitoa gemu hilo sokoni kwa sharti: kufikia Ijumaa adhuhuri, watu sita wasiowahi kucheza gemu lolote wawe wamelimaliza. La sivyo, kwaheri. Miaka mitatu ya kazi ya mdogo wangu ilining'inia hapo.

Jumamosi iliyotangulia, mchana, nikampelekea wenzangu sita wa kiwandani. Mama Pasi, mpiga pasi wetu, alitangulia. Akavaa spika za masikioni, na dakika haikupita akaruka kitini.

"Nyie! Ananipumulia shingoni huyu!"

Hapo ndipo penye nguvu ya gemu lile: unasikia kiatu cha Msimamizi kabla ya kukiona. Wenzake walimcheka Mama Pasi mpaka zamu zao zilipofika.

Lakini kero nazo! Alikamatwa mara nne, mara mbili akiwa nyuma ya ukuta mzima.

"We mtoto, huyu bosi wako anaona kupitia matofali?"

"Hiyo ni kasoro, Mama Pasi. Nitairekebisha."

"Na kunirudisha mwanzo kabisa kila nikishikwa? Ni kasoro au ni roho mbaya?"

Mwisho wote sita, kila mmoja kwa zamu yake, waliishia katika kabati moja mle ndani ya gemu, wakaganda humo. Bibi Vifungo, anayeshona vifungo tangu sijazaliwa, alikaa kabatini dakika arobaini.

"Bibi, toka, keshaenda," mdogo wangu akamwambia.

"Atarudi. Namjua huyu kuliko unavyomjua wewe, mjukuu wangu."

Mdogo wangu akajifunika uso. "Nalifuta. Kama nyinyi mabingwa wa kujificha, mnaomkwepa Msimamizi kila siku, mmeshindwa, ataweza nani?"

"Njia ya kutokea iko wapi?" nikauliza.

"Mlango wa nyuma, dada. Hatua kumi kutoka kabatini. Hauna kufuli."

Hakuna hata mmoja aliyegusa kitasa. Angekigusa kwa nini? Mlango wetu wa nyuma una kufuli tangu Jumanne moja, miaka kumi na moja iliyopita, lilipopotea jora moja la kitani. Alhamisi jora likaonekana nyuma ya mizani. Kufuli likabaki. Tulinung'unika wiki mbili, tukazoea. Na mimi mwenye mdomo huu nilizoea, na hilo linaniuma kuliko kufuli lenyewe.

"Weka mshale basi, watu wauone," akasema Mama Pasi.

"Siweki. Nataka mtu aujaribu mwenyewe. Nyinyi sasa mmeshajua, hamhesabiki. Nahitaji wengine sita."

Bibi Vifungo alikuwa bado anaukodolea macho mlango ule kwenye kioo cha kompyuta. "Wengine sita watoke ukumbini kwetu? Watakaa kabatini kama sisi. Kwanza tuufungue ule wa kweli."

Jumatatu saa nne tuliacha mashine, sisi saba, tukasimama mlango wa nyuma. Msimamizi wa kweli akaja mbio.

"Rudini kazini!"

"Fungua kwanza," akasema Bibi Vifungo.

"Nitawaandika majina!"

"Langu usilikosee, mwanangu. Lina herufi nyingi."

Kicheko kikapita ukumbini, cherehani zikanyamaza mstari baada ya mstari. Tulipofika themanini pale mlangoni, Msimamizi akatoa ufunguo. Bawaba zilikuwa na kutu. Tukausukuma mlango kwa mabega.

Mdogo wangu naye alirekebisha ukuta, na akaweka mahali pa kuanzia upya katika kila mstari wa mashine. Alhamisi jioni nikampelekea wenzetu wengine sita. Hatukuwaambia kitu, na kunyamaza si kipaji changu. Walipiga kelele, walikamatwa, walitukana, waliingia kabatini. Halafu mmoja mmoja akatoka, akatambaa, akakishika kitasa. Wote sita. Ijumaa kampuni ikalichukua gemu.

Sasa wewe. Pale unapofanyia kazi pana mlango ambao hujawahi kuujaribu. Inuka sasa hivi, kashike kitasa. Ukikuta umefungwa, mwite aliye karibu nawe, naye amwite wa pili, na asiondoke mtu hapo mpaka ufunguliwe.