Mianzi Kwenye Nguzo za Ukumbi

"Hakuna mkono katika mji huu unaoujua mwanzi kama mkono wangu," alisema Bi Vigoda. "Mwanzi ukiniona unajinyoosha wenyewe." Akanyoosha mkono juu. "Sasa wifi, hebu nipe mkono uniinue. Kiti changu kimenivunjikia."

Kweli alikuwa chini, miguu juu, katikati ya vipande vya kiti alichokimaliza asubuhi ileile. Wifi yake hakumpa mkono. Kwanza alitafuta miwani, akaivaa, apate kuona vizuri.

"Na hiki nacho kilijinyoosha chenyewe?"

"Cheka, ukimaliza uniinue."

Wifi huyo alikuwa dada wa marehemu mume wa Bi Vigoda, fundi wa redio, na watu walimwita Bi Waya. Wawili hao waligawana chumba kimoja nyuma ya ukumbi wa mtaa. Upande wa dirishani ilikaa mianzi, misumeno na viti visivyo na miguu. Upande wa mlangoni zilipangwa redio zilizokufa, za watu walioahidi kurudi kesho. Baadhi ya hao wa kesho walikuwa sasa na wajukuu.

Kiti kilivunjika kwa haraka ya fundi. Alikuwa amekata mguu mmoja mahali pasipo na fundo, na mwanzi usio na fundo ni sawa na mtu asiye na goti. Akala kiapo palepale sakafuni kwamba hatachezea fundo tena maisha yake.

Haraka hiyo nayo ilikuwa na sababu: huenda chumba chenyewe kingechukuliwa siku yoyote. Juzi yake Mwenyekiti wa mtaa alikuja na futi ya kupimia, akapima chumba chao toka ukuta hadi ukuta bila kuwaangalia usoni.

"Mama zangu," alisema, "ukumbi unatengenezwa upya. Siku hizi watu wanakalia plastiki, redio zao zimo kwenye simu. Yule mpiga muziki, Ngurumo, anakiomba chumba hiki aweke maboksi yake ya spika, naye atakuwa anaupa ukumbi sauti kila penye mkutano. Nyinyi mtaupa nini?"

"Sauti," alijibu Bi Vigoda.

Mdomo wake ulikuwa na tabia ya kutangulia, kichwa kikafuata baadaye kikihema.

"Basi siku ya ufunguzi tutasikia," alisema Mwenyekiti. "Atakayefanya watu wasikie, ufunguo wa chumba ni wake."

Alipotoka, Bi Waya alimgeukia wifi yake taratibu. "Sauti ipi hiyo tutakayowapa? Ya kukohoa?"

Tatizo la ukumbi lilijulikana na kila mtu. Neno likitamkwa mbele lilienda kugonga ukuta wa nyuma, likarudi kugongana na neno lililofuata, na huko katikati yote mawili yakafa. Ngurumo akileta maboksi yake ndiyo mambo yaliharibika kabisa: matumbo yalitetemeka, masikio hayakupata kitu. Mwenyekiti alikuwa amehutubia humo miaka sita na hakuna aliyewahi kujua alisema nini. Watu walipiga makofi alipotoa leso, wakidhani amemaliza.

Bi Waya aliwaza siku nzima akiangalia rafu yake. Juu ya rafu alikuwa na spika ndogondogo, upana wa kisahani cha chai, alizozing'oa kwenye televisheni na redio za magari. Moja peke yake haikuwa na nguvu hata ya kumwamsha paka.

"Tuzipange nne nne, moja juu ya mwenzake," alisema mwishowe, "ndani ya kitu kirefu, chembamba. Hapo sauti itawaendea watu usoni, haitapotea darini. Lakini seremala wa kututengenezea boksi la urefu huo tutamtoa wapi?"

Bi Vigoda alinyanyua kidole, akaonyesha juu. Kwenye boriti za dari yao kulikuwa kumelala mianzi minene kama paja la mtu aliyeshiba, imekaa huko miaka mitatu, imekauka hadi ukiipiga kwa kucha inalia.

Wakaishusha. Bi Vigoda akakata vipande vinne, kila kimoja kirefu kuliko yeye, jambo ambalo si gumu sana. Akatoboa matundu ya duara, manne kila mwanzi, akayalainisha kwa kipande cha chupa hadi ukipitisha kidole hakikwaruzwi. Bi Waya akalehemu nyaya, akagandisha spika kwa gundi. Wakaunganisha amplifaya ya zamani aliyoifufua kwa mara ya tatu, wakafungulia habari za saa saba.

Msomaji wa habari alisikika kama mtu aliyefunikwa blanketi, halafu juu ya blanketi akakaliwa.

"Mwanzi wako huo," alisema Bi Waya.

"Nyaya zako hizo," alisema Bi Vigoda.

Wakanuniana siku mbili. Wakitaka kuambiana jambo walilipitisha kwa redio mbovu iliyokuwa katikati ya meza. "Redio, mwambie wifi yako chai ipo." "Redio, mwambie sinywi chai ya mtu anayesingizia nyaya zangu." Kisha akainywa.

Siku ya tatu Bi Waya alichukua ufito, akauingiza kwenye mwanzi kutokea chini. Uliingia shubiri moja, ukagota. Akasahau kwamba ananuna.

"Wifi, humu ndani mna ukuta."

"Ni fundo hilo. Kila fundo lina ukuta wake kwa ndani."

"Na umeziacha kuta zote?"

"Sasa ulitaka nizitoboe, mimi mwehu? Ukitoboa fundo, kiti kinavunjika."

Bi Waya alimtazama kwa upole, kama anavyotazamwa mgonjwa. "Wifi yangu, kuna mtu atakayekuja kuikalia spika?"

Miaka arobaini ya viti ilikuwa imemwingia Bi Vigoda hadi vidoleni. Macho yalijua anatengeneza spika, mikono ilikuwa bado inatengeneza miguu ya kiti. Kila spika alikuwa ameifungia kwenye kijumba chake, haina hata pa kupumulia.

Akachochea makaa, akatia nondo motoni hadi ikawa nyekundu. Akaisukuma ndani ya mwanzi, fundo baada ya fundo, huku amegeuza uso pembeni kama mtu anayechinja kuku aliyemlea mwenyewe. Moshi ulitoka kwenye matundu yote manne. Kiapo cha sakafuni kikaenda nao.

"Sasa inataka kitu laini ndani," alisema Bi Waya, "cha kumeza mwangwi."

Bi Vigoda akaleta mto, akaupasua, akaanza kuchambua pamba.

"Huo si mto wa kaka yangu?"

"Ndio wenyewe. Umemeza mkoromo wake miaka thelathini. Huu mwangwi utaushinda nini?"

Safari hii walipofungulia redio, msomaji alikuwa mlemle chumbani. Walimsikia akimeza mate. Walimsikia akifunua karatasi. Wakatazamana, na Bi Waya akavua miwani akaifuta, ingawa haikuwa na vumbi.

"Mwanzi wako huo," alisema.

"Nyaya zako hizo," alisema mwenzake.

Siku ya ufunguzi waliamkia ukumbini, wakaifunga mianzi kwenye nguzo nne, wakaficha nyaya nyuma yake, wakaiunga maiki ya ukumbi kwenye amplifaya yao. Rangi ya mianzi ilikaa vizuri na ukuta mpya. Mwenyekiti alipita, akasimama, akaipenda.

"Mmepamba vizuri, mama zangu. Lile suala la sauti naona mliliacha. Si neno."

"Ahsante, baba," alisema Bi Vigoda kwa unyenyekevu mkubwa. Bi Waya alilazimika kutoka nje.

Ngurumo alifika watu wameshaanza kukaa. Alikuja na maboksi manne meusi, marefu kama mlango, akayapanga mbele kabisa. Mawili aliyaburuta akitokwa na jasho. Mawili mengine aliyakumbatia, moja kila kwapa, akaja nayo akipiga mluzi. Bi Vigoda aliliona hilo, akalimeza, akakaa nalo tumboni.

Fundi umeme alikuwa hajamaliza kazi yake, kwa hiyo soketi yenye umeme ilikuwa moja tu, huko nyuma, na ndani yake ilikuwa plagi ya amplifaya ya Bi Waya.

"Bibi, chomoa hicho kijiredio chenu," alinong'ona Ngurumo, plagi yake mkononi.

"Ngoja Mwenyekiti amalize kusalimia, mwanangu. Si adabu kumkata mtu salamu."

Mwenyekiti akakamata maiki. Wageni wote wakageuka mbele, na Ngurumo, asitake kuonekana anatambaa miguuni mwa watu, akaiacha plagi yake sakafuni karibu na soketi, akaenda kuketi kando ya maboksi yake.

"Ndugu zangu, hamjambo," alisema Mwenyekiti.

Ukumbi mzima ukajibu. Mzee mmoja wa safu ya mwisho, ambaye siku zote alikuja mikutanoni kulala, alifumbua macho akaangalia huku na huku kutafuta aliyemsemesha sikioni. Mwenyekiti mwenyewe alishtuka. Akasogeza maiki, akajaribu neno jingine, nalo likaenda hadi mlangoni zima, halikugonga popote. Basi akanogewa. Akasimulia, akatania, watu wakacheka palepale penye kicheko. Akasema kisima cha mtaa kitafukuliwa kabla ya mwezi kwisha, na mwanamke mmoja akatoa kalamu akaandika. Hapo ndipo Mwenyekiti alipogundua hatari ya kusikika.

Bi Vigoda alisimama nyuma ameshika nguzo. Chini ya kiganja chake mwanzi ulikuwa ukitetemeka kidogokidogo, kama koo la mtu anayeimba. Alitamani marehemu angeona kazi ya mto wake.

Makofi yalipotulia Mwenyekiti alitoa ufunguo mfukoni, akauinua.

"Nilisema atakayefanya watu wasikie, ufunguo ni wake. Leo tumesikia." Akayatazama yale maboksi meusi, maana mtu angetazama wapi? "Ngurumo, kumbe mitambo yako inaweza hivi?"

Ngurumo alisimama. Alifikiri kwa muda wa kupiga chafya moja, kisha akatabasamu.

"Niliirekebisha, Mwenyekiti. Wiki nzima sikulala. Ni kazi ya utaalamu, si kila mtu anaiweza."

Watu wakampigia makofi. Mwenyekiti akaanza kumwendea na ufunguo.

Bi Vigoda akainama, akaokota waya mweusi uliokuwa sakafuni. Akaufuata polepole, akiwaomba watu radhi wainue miguu, akiukunja mkononi kama mwanamke anayeanua kamba ya nguo. Alipofika mbele alikuwa ameshika plagi. Akamwekea Ngurumo kiganjani.

"Mwanangu, umesahau hii."

Kicheko kilianza safu ya kwanza kikaenda hadi ya mwisho, na kwa kuwa maiki ilikuwa wazi, mianzi minne nayo ikacheka. Bi Waya alifika kwenye soketi, akachomoa plagi yake, ukumbi ukafa sauti. Akairudisha, ukafufuka. Mwenyekiti akageuka na ufunguo wake, akautia mkononi mwa Bi Vigoda, akaufumba mkono huo kwa mikono yake miwili.

Lakini Ngurumo hakuwa mtu wa kukubali kirahisi.

"Sikilizeni," alisema. "Yangu yanatumia betri. Betri kubwa, zimo humu ndani. Nayo yalikuwa yanalia, sauti zilichanganyika tu."

"Betri," alisema Bi Waya.

"Nzito kweli kweli."

Bi Vigoda akamnong'oneza Bi Waya, naye akavaa miwani. Akatoa bisibisi mfukoni, akalichagua boksi mojawapo ya yale yaliyokuja kwapani, akafungua skrubu nne za nyuma bila haraka, akashusha kifuniko. Ndani mlikuwa na shati la kubadilisha, ndala pea moja na nusu mkate.