Jumamosi za Chumba cha Kufulia

Kadi yenyewe ilikuja na mwavuli. Watu wakisikia kwamba nilikuwa na deni la kadi ya mkopo chuoni hudhani nililitafuta, nikaliendea kwa miguu yangu miwili. Wala. Ilikuwa wiki ya pili ya mwaka wa pili, mvua inanyesha, na mlangoni mwa maktaba vijana wawili wenye tai walikuwa wameweka meza, wanagawa miavuli kwa kila atakayejaza fomu. Nami nilikuwa nimelowa. Nikajaza.

Mwavuli ulivunjika mbavu kabla ya mwezi kuisha. Kadi ikafika kwa posta, inang'aa, jina langu limeinuka juu yake, nikawa nalipapasa kwa kidole kama mtu anayesoma gizani.

Nilikuwa nasomea ufamasia. Nililala chumba kimoja na msichana tuliyemwita Spika, kwa sababu akinong'ona chumbani kwetu, chumba cha tatu walijibu. Yeye alisomea ualimu wa hesabu. Aliigeuza ile kadi mbele na nyuma.

"Hii ina pesa ya nani?"

"Yangu."

"Uliiweka lini?"

Alicheka, akanirudishia.

Kitu cha kwanza nilichonunua kilikuwa viatu vya baba. Baba yangu alikuwa kinyozi. Duka lake lilikuwa na viti viwili na kioo kimoja kikubwa, na yeye alikuwa amesimama nyuma ya viti hivyo miaka ishirini na sita. Jioni aliloweka miguu kwenye beseni la maji ya chumvi, na sisi tulipita pembeni kimyakimya kama tunapita karibu na mgonjwa. Daktari alishamwambia atafute viatu vya soli laini. Nikaviona dirishani kwenye duka karibu na chuo, bei yake sawa na kodi ya mwezi ya duka lake. Nikaingia, nikatoa kadi, nikatoka na boksi. Hata dakika tano hazikufika.

Nikamwambia nimepata zawadi ya mwanafunzi bora, ya pesa taslimu. Sikuwa bora. Nilikuwa wa kumi na moja.

Baba alitangaza. Mteja akikaa kitini, amefungwa kitambaa shingoni na wembe uko karibu na sikio, ataenda wapi? Atasikiliza tu. Mtaa mzima ulijua binti ya kinyozi ameshinda.

Vilivyofuata havikuwa na sababu nzuri namna hiyo. Koti. Birika la umeme. Kiatu cha kisigino ambacho kilinitoa malengelenge. Keki ya ghorofa mbili siku Spika alipotimiza miaka ishirini, ambayo tulishindwa kuimaliza. Wenzangu wa darasani nilikuwa nimewaambia baba ni mfanyabiashara, na mtoto wa mfanyabiashara hanywi chai kavu mbele za watu. Nikawa wa kwanza kusema "leo ni juu yangu."

Kila mwezi benki ilileta karatasi yenye tarakimu mbili: moja kubwa ambayo sikuitazama, na moja ndogo iliyoitwa kiwango cha chini. Nililipa ile ndogo, nikajihesabia kuwa mtu mwaminifu. Nilidhani nalipa deni, kumbe nalipa chakula chake, nalo linanenepa. Kisha miezi miwili nikashindwa hata hiyo ndogo. Faini ikaja, na juu ya faini riba. Kukopa harusi, kulipa matanga. Kufikia mwisho wa mwaka nilikuwa nadaiwa kiasi cha karo ya muhula mzima. Barua nilizifungia ndani ya boksi la birika bila kuzifungua, nikalisukuma boksi chini ya kitanda, nikaendelea kusoma majina ya dawa.

Nilichosahau ni kwamba ile fomu ya mvua ilikuwa imeuliza namba ya simu ya kazini kwa mzazi, nami nikaandika namba iliyochorwa kwa rangi nyekundu kwenye dirisha la baba.

Siku simu ilipolia dukani, baba alikuwa katikati ya kichwa cha mtu. Alinisimulia baada ya miaka mingi, tukiwa tunaweza kucheka. Sauti ya mwanamke ilimuuliza kama yeye ni mzazi wangu, ikataja jina langu kamili.

"Nami nikadhani ni habari ya zawadi," alisema baba. "Nikajibu kwa nguvu watu wote wasikie: ndiyo, mimi ndiye baba wa mshindi!"

Alimsikiliza yule mwanamke mpaka mwisho. Akamaliza nusu ya kichwa iliyobaki, akawaomba radhi waliokuwa kwenye benchi, akafunga duka Ijumaa saa nne asubuhi. Baba, ambaye siku niliyozaliwa alikata vichwa viwili kwanza ndipo akaja hospitali.

Spika alinikuta chumbani mchana.

"Kuna mzee chini anakutafuta. Wasichana wanasema baba yako kumbe ni daktari."

Nilitazama dirishani. Alikuwa amesimama uani na koti lake jeupe la kazini, hakulivua, mabegani bado lina nywele za watu. Miguuni alikuwa na vile viatu. Mkononi ameshika mfuko wa plastiki. Nikashuka.

Tulikaa kwenye benchi nje ya kantini.

"Shikamoo, baba."

"Marahaba. Ile zawadi ilikuwa ya somo gani?"

Nikavitazama vile viatu.

"Nauliza kwa sababu wateja wataniuliza, na mimi sitaki kuwadanganya mara ya pili."

Nililia. Hakuninyamazisha. Aliniacha nilie mpaka niishe, kama alivyowaacha watoto walie kitini kabla hajawasha mashine.

"Zilete barua," akasema.

Nilileta boksi. Miwani alikuwa ameisahau dukani, kwa hiyo ilinibidi nizifungue mwenyewe na kumsomea kwa sauti, zote kumi na moja, watu wakipita na sahani zao. Adhabu nyingine hakunipa. Nilipofika kwenye jumla ya mwisho alipuliza pumzi ndefu.

"Mimi sina pesa hizo. Na hata ningekuwa nazo nisingekupa." Akafikiri kidogo. "Hapana, ningekupa. Ndiyo maana nashukuru sina."

"Nisamehe, baba."

"Nimeshakusamehe kwenye basi. Sasa ni kazi. Na viatu sirudishi, mama. Miguu haiumi tena."

Benki ilikuwa mitaa miwili kutoka chuoni. Tuliingia saa tisa, wakiwa karibu kufunga. Afisa wa mikopo alikuwa kijana nadhifu, mwenye tabasamu la kazini. Baba alimtazama nyuma ya kichwa alipoinama kutafuta faili langu.

"Samahani, nani kakukata?"

"Mimi?"

"Kakuachia ngazi nyuma ya sikio. Mwambie arudie, usimlipe."

Yule kijana alijipapasa, akacheka cheko la kweli, na baada ya hapo alizungumza nasi kama binadamu. Alitueleza kwamba kadi inaweza kufungwa, faini zikasimama, na deni likagawanywa kwa miezi kumi na minane, bila riba mpya, mradi mwenye deni awe na kipato chochote.

"Binti ana kipato?" aliuliza, kalamu juu ya karatasi.

"Anacho," baba akajibu. "Ni kinyozi."

Niligeuka kumtazama. Hakunitazama. Na wala hakusema uongo. Tangu nina miaka kumi mpaka kumi na saba nilikuwa nikitoka shule napita dukani, nafagia, kisha nashika kitana, kisha mashine. Nilijua kukata kichwa cha mtu kabla sijajua kupika. Nilipokuja chuo ndipo nilipoapa kwamba hakuna atakayejua.

Nje ya benki alinipa ule mfuko wa plastiki, ambao muda wote nilidhani una matunda. Ndani mlikuwa na mashine yake ya pili, brashi, vitana viwili, kitambaa cha shingoni na chupa ya spiriti. Alivipanga vyote kabla hata hajafunga duka.

Bwenini palikuwa na chumba cha kufulia, sakafu ya saruji, masinki sita kwa safu na kamba za nguo juu. Kando ya dirisha palikuwa na soketi. Msimamizi wa bweni aliniruhusu Jumamosi tu, na wavulana wapitie mlango wa nyuma. Nikaweka kiti cha plastiki. Matangazo nilimwachia Spika. Alisimama dirishani asubuhi ile akaita mara moja tu, na habari ikavuka mpaka mabweni ya wavulana.

Wa kwanza kuja alikuwa mchezaji wa mpira wa kikapu tuliyemwita Ngazi. Alitaka kupunguzwa tu. Miaka miwili sikuwa nimeshika mashine. Kushoto kukapanda, nikasawazisha kulia, kulia kukazidi, nikarudi kushoto. Nilisimama nilipofika kwenye ngozi. Alijitazama kwenye kioo.

"Nimekuja na nywele," akasema, "naondoka na upepo."

Nilikataa malipo yake. Lakini kumbe Mungu alikuwa amempa kichwa kizuri na yeye alikuwa amekifunika bure. Wiki nzima alisifiwa. Jumamosi ya pili alirudi na wenzake wanne, kila mmoja anataka upepo.

Darasani habari ilienea, bila shaka. Binti mmoja ambaye nilishamnunulia chakula zaidi ya mara ninazoweza kuhesabu alinigeukia mbele za watu.

"Kumbe baba yako ni kinyozi."

Kabla sijafungua mdomo, Spika, aliyekuwa mlangoni ananisubiri, akajibu, "Ndiyo. Na kwa hicho kichwa chako, Jumamosi uje mapema."

Darasa likaangua kicheko, na yeye pia akacheka mwishowe. Nilikuwa nimeiogopa siku ile miaka miwili, ikapita kwa dakika moja.

Nikikumbuka ujana wangu, sikumbuki zile siku za kulipia watu. Nakumbuka harufu ya sabuni ya unga iliyochanganyika na spiriti. Maji yanatiririka kwenye masinki, shuka zinadondosha matone, wasichana wanafua na wavulana wamekaa kwenye ndoo zilizopinduliwa wakingoja zamu, wakitaniana kuvuka chumba. Mwenzako akinyolewa, wewe tia maji. Pale maji yalikuwa mengi mno. Nilijua nani kaachwa, nani kafeli, nani anamwogopa mwalimu gani. Mtu ukimshika kichwa hukuambia mambo. Spika aliandika majina ya foleni kwenye daftari la hesabu na kuwafukuza walioruka zamu. Mimi mwenyewe nywele zangu zilikaa chini ya kilemba mwaka mzima, maana kinyozi hajinyoi. Jumatatu nilikwenda benki.

Jumamosi moja, mwezi wa tisa wa kulipa deni, niliita namba saba kwenye daftari na mzee akainuka kutoka kwenye ndoo. Alikuwa amepanga foleni tangu asubuhi nami nimeinamia kazi sikumwona. Spika alijua, msaliti mkubwa.

"Baba!"

"Mimi ni namba saba," alisema. Akakaa. "Punguza. Usinipe upepo."

Mabomba yakafungwa. Nilikuwa sijawahi kukishika kichwa cha baba. Mvi zilikuwa nyingi kuliko nilivyodhani, laini kama pamba. Juu ya shingo nikakuta kovu refu.

"Hili la nini?"

"Baiskeli. Nilimpakia mama yako kabla hatujaoana, nikataka kumwonyesha naweza kuachia mikono."

"Yeye hakuumia?"

"Aliangukia juu yangu. Alicheka mpaka akashindwa kuinuka. Hapo ndipo nilipoamua."

Sikujua habari hiyo. Mama alifariki nikiwa na miaka minane, na baba hakuwa mtu wa kusimulia. Niliendelea kukata polepole, polepole kuliko ilivyohitajika, ili mazungumzo yasikatike, aseme tena. Akasema. Aliniambia rangi ya gauni alilovaa mama siku ile, na jinsi walivyoikokota baiskeli mpaka nyumbani, gurudumu limepinda, wakibishana kosa ni la nani. Wasichana waliacha kufua.

Nilipomaliza alichukua kioo cha mkononi, akajikagua kila upande.

"Nyuma ya sikio la kulia," akasema. "Rudia."

Nikarudia. Akalipa bei kamili, akakataa chenji, akasalimia chumba kizima, akaenda kuwahi basi.

Deni liliisha mwezi wa kumi na sita. Karani wa benki aligonga muhuri kwenye karatasi na kunipitishia chini ya kioo bila kuinua macho. Kwake ilikuwa karatasi tu. Spika alikuwa ananingoja nje. Tulikuwa tumepanga kusherehekea, tukazunguka madukani saa nzima, tusione tunachotaka. Mwisho tulinunua soda mbili, tukakaa kwenye ngazi za benki mpaka mlinzi akatuambia tunaziba njia.

Niliendelea kukata mpaka nikahitimu, na pesa zile zikanipangia chumba changu cha kwanza. Sasa nina duka la dawa. Spika ni mwalimu mkuu mbali na hapa. Tukizungumza kwa simu bado naisogeza mbali na sikio. Baba amefariki mwaka wa sita sasa, na duka lake linauza vipuri vya simu.

Mpaka leo nikipita barabarani nikasikia mashine ya kunyolea inanguruma kwenye mlango ulio wazi, mwendo hunipungua wenyewe. Siku nisipokuwa na haraka huingia, nikaketi kwenye benchi na wanaume. Huniuliza nimemleta nani kunyolewa. Nasema sijamleta mtu, nimechoka kutembea tu, na wao husogea kidogo kunipa nafasi, kisha huendelea na maneno yao.