Moto wa Miti ya Pamba

Watu walisema: huko njia ya kwenda Kabambare mama mmoja alimlaza mtoto kivulini, akaendelea kulima. Jua likapanda, kivuli kikahama, mtoto akabaki. Aliporudi alikuta kimya. Jina la mama huyo hakuna aliyelijua, wala kijiji chake, lakini habari hiyo haikumtoka Léocadie. Alikula nayo, alilala nayo.

Ilikuwa Kongo, enzi za Wabelgiji, kulima pamba ni lazima. Mwezi huo wa saba mvua ilikuwa imesahaulika. Mashamba yalipangwa kando ya barabara, miti yote ya kivuli imekatwa, uwanda mtupu mpaka macho yanachoka. Mume wa Léocadie alikuwa kwenye machimbo ya dhahabu. Pamba ilikwisha kuchumwa. Kilichobaki ni kung'oa miti yake na kuichoma, maana moniteri, mkaguzi wa pamba, angepita kesho yake, na asiyechoma aliadhibiwa. Kila mama aling'oa kwake, akachoma asubuhi, upepo ungali umelala.

Léocadie alimlaza Feza, mwanawe wa miezi minane, kwenye majani marefu mwisho wa shamba, ndipo penye kivuli. Aling'oa miti mitano, akaenda kumtazama. Aling'oa mingine mitano, akaenda tena.

Jirani yake Mwamvita alicheka. "Mama Feza, huyo mutoto utamumaliza kwa macho! Choma, twende."

"Sijamaliza, dada."

"Utamaliza lini? Miguu yako iko inafanya kazi kupita mikono."

"Wewe watoto wako wamekua. Nenda tu."

Mwamvita alihakikisha moto wake umezimika, akajitwika kikapu, akaenda. Wengine walikuwa wameshaondoka. Jua likasimama utosini. Uwanda haukuwa na sauti, hata ya ndege. Léocadie akawaza: hapa mtu akianguka, jua halitageuka kumtazama. Si kwamba linamchukia. Halimjui.

Saa nane lundo lake lilikuwa tayari. Alijua saa ya kuchoma imepita, lakini kesho ni moniteri. Akawasha. Upepo ukaja kama mtu aliyeitwa, ukanyanyua moto, ukautupa kwenye majani makavu.

"Feza!"

Aliingia moshini haoni kitu. Kikohozi cha mtoto ndicho kilichomwongoza. Akamnyakua, akakimbilia upande uliokwisha kuungua, nyayo zikichunika. Akaketi majivuni, mtoto kifuani, bila hata tone la maji. Nyusi za Feza zilikuwa zimeungua, basi. Akaita. Akaita tena. Hakuna aliyeitika. Jua lilipoanza kushuka akatambaa kwa magoti hadi barabarani, na barabara nayo ilikuwa tupu.

Mama unayesoma, epuka haya:

Usiwashe moto shambani jua likishapanda, aje moniteri, aje nani.
Usilaze mtoto kwenye majani makavu. Mfunge mgongoni, hata akikuchosha.
Usiende uwandani bila maji.
Usione haya kusema "ningojeni."
Usimwache mwenzako nyuma, hata kama amekuambia nenda.