Dhoruba Nzuri

Khatib Faki alijifunza mitambo ya redio jeshini, huko Burma, wakati wa vita. Aliporudi kijijini kwao Konde akafungua kibanda cha kutengeneza cherehani na redio, mkabala na soko, na hapo ndipo alipopata riziki yake. Lakini kazi aliyoipenda haikuwa na malipo. Nyuma ya nyumba yake alikuwa na chumba kidogo, na ndani yake mtambo wa kupokea na kupeleka sauti, aliouunda mwenyewe kwa vyuma vilivyoachwa na jeshi, ukiendeshwa kwa betri za lori. Alikuwa na leseni ya serikali. Kwa mtambo ule alizungumza na wapenzi wa redio wenzake wa Nairobi, Aden na Bombay, watu ambao hakupata kuwaona hata siku moja, lakini aliwajua kwa kikohozi na kwa namna walivyogonga alama za Morse.

Wataalamu wa dunia nzima walipoungana kulichunguza jua, mwaka wa 1957, walitafuta watu wa namna yake, na Khatib akajiandikisha. Kila asubuhi akilipitisha jua kwenye darubini kuukuu, likaangukia ukutani duara jeupe lenye madoa meusi. Madoa yakizidi, redio nayo ikawa na vituko. Leo Aden inasikika kana kwamba iko Wete, kesho kimya. Yote hayo akiyapima, akiyaandika na kuyapeleka Nairobi.

"Huko juu kabisa kuna kitu mfano wa dari," akiwaeleza watu barazani. "Sauti inagonga dari inarudi chini. Jua likichafuka, dari inakuwa kama sifongo. Inainywa sauti yote."

Watu wakicheka, na wakimpenda. Wakimwita Khatib wa Jua.

Siasa ilipoingia, kicheko kikapungua. Watu wa chama cha Hizbu walimjia wakitaka apeleke habari za mkutano wao Unguja. Akakataa, leseni haikuruhusu. Watu wa Afro, mahasimu wao, wakaja na lao, akawajibu hivyo hivyo. Hakuchukua kadi ya chama chochote, na hilo likawatia shaka wote. Mkewe, Mize, alimwonya.

"Siku hizi mtu hana budi awe na upande, Khatib. Ukiwa huna, kila mmoja anakuhesabu wa kule."

"Mimi ni fundi," alisema Khatib.

Mwezi wa Novemba, mwaka wa 1960, mashua ya mashine iliondoka Tumbe asubuhi kwenda Tanga, imechukua watu wa harusi, wengi wao wanawake. Aliyeshika mashine alikuwa Shaame, kaka yake Mize, tumbo moja. Alasiri wavuvi waliingia Tumbe na habari mbaya. Waliiona mashua ile mbali, upande wa kaskazini, mashine imezima, inaingia maji, na mkondo unaichukua. Walijaribu kuifuata kwa tanga wakashindwa. Iliyohitajika ni motaboti kubwa, na motaboti kubwa iko Tanga. Ilikuwa Jumamosi, posta ya Wete, yenye simu, imeshafungwa.

Watu wakakimbilia Konde kwa Khatib. Wa mbele kabisa alikuwa Bi Mwanawema, mama yao Shaame na Mize, kanga imemporomoka kichwani wala hana habari.

"Mwanangu, waite," alisema. "Waite hao watu wako."

Khatib alikuwa ameshakaa kwenye kiti. Huko Nairobi alikuwa na rafiki, Harbans, karani wa reli, ambaye kila Jumamosi alasiri huwa hewani na simu anayo mezani. Neno moja kwa Harbans, na Tanga wangepigiwa simu papo hapo. Khatib akavaa visikilizio masikioni, akawasha.

Hakusikia kitu. Si sauti ya mtu tu iliyokosekana, hata ule mvumo wa kila siku, kama mafuta yanayochemka kikaangoni, ulikuwa umekufa. Akadhani betri. Akabadilisha betri. Akabadilisha taa ya ndani ya mtambo, akapanda juu ya paa kuutazama waya. Kila kitu kilikuwa kizima. Akaita kwa sauti, akaita kwa Morse, akahamia masafa mengine, akarudi. Jasho lilimtiririka mpaka likawa linadondoka juu ya kidude cha kugongea, na Mize alisimama nyuma yake akimfuta shingo kwa ncha ya kanga.

Ndipo akaigeuza darubini kuelekea jua. Lile doa kubwa, alilokuwa amewaonyesha watu wiki ile, lilikuwa limesimama pale ukutani kama dudu. Akajua.

Alitoka uani. Watu walikuwa wamejaa mpaka njiani.

"Vipi?" aliuliza Bi Mwanawema.

"Mama, jua limelipuka. Mawimbi hayarudi. Hakuna anayenisikia."

"Jua?" Bi Mwanawema alinyanyua uso. "Mbona lile pale, linawaka kama jana?"

"Mlipuko hauonekani kwa macho, mama. Lakini ndilo."

"Sema hutaki!" mtu mmoja alipiga kelele kutoka nyuma. "Ulitunyima siku ile, na leo unatunyima!"

"Kwa kuwa waliomo ni Hizbu!" alidakia mwingine.

"Shaame ni shemeji yangu!" Khatib alisema. Akarudi ndani, akaanza tena kuita.

Safari, muuza samaki, alipanda baiskeli mbio kwenda Wete. Huko wakamtafuta karani nyumbani kwake, na baada ya magharibi wakapata njia ya kupeleka habari. Khatib naye alimpata Harbans usiku ulipoingia, sauti ikiwa mbali na imejaa mikwaruzo. Harbans alikuwa akilia kwa furaha ya kumsikia tena. "Alasiri nzima nimekuita," alisema. "Dunia nzima ilikuwa kimya!"

Lakini kwa watu wa Konde hesabu ilikuwa nyepesi: Wete wameweza, Khatib ameshindwa.

Motaboti ilitoka Tanga alfajiri. Ilikuta wanawake wawili wamekumbatia ubao. Walisema mashua ilizama jua lilipokuwa likitua, na kwamba Shaame aliwasukumia ubao ule, kisha hawakumwona tena.

Hapakuwa na maiti ya kuosha. Msibani Khatib alikaa ukumbini pamoja na wanaume, na kila alipokaa watu wakasogea mbali, mkeka ukabaki mtupu kumzunguka. Tena likaanza neno jingine: alijua. Si alisema mwenyewe barazani wiki ile kwamba jua lina doa? Basi alijua, na aliwaacha wende.

Uchaguzi wa Januari ukaja ukapita, na chuki ikazidi. Watu wakawa wanagomeana maduka na visima. Wakati huo ndipo alipokuja mgeni, Bwana Pelham, mtaalamu wa mawimbi, Mzungu kijana aliyetoka Nairobi kwa ajili ya Khatib tu. Hakujua Kiswahili, kwa hiyo Maalim Abrahman wa skuli alimsindikiza awe mkalimani. Khatib alifurahi kuliko alivyofurahi kwa miezi. Alimtuma Mize kwa mamake. Aje, alisema, aje asikie kwa mtu asiyekuwa wa hapa.

Bi Mwanawema akaja, na nusu ya Konde ikaja nyuma yake.

Pelham alimpa Khatib mkono wake, akautikisa hakuuachia. Alikuwa akicheka, akizungumza haraka haraka. Maalim Abrahman alisafisha koo.

"Anasema ametoka mbali kuja kukushukuru kwa vipimo vyako vya siku ile. Anasema ilikuwa dhoruba nzuri sana. Nzuri kuliko zote alizopata kuzipima."

Bi Mwanawema alimtazama yule kijana wa Kizungu, kisha akamtazama mkwewe.

"Nzuri," alisema.

"Maalim, mwambie watu walikufa," Khatib alisema. "Mwambie! Muulize kama kulikuwa na redio yoyote iliyosikika saa ile."

Abrahman alimwambia. Pelham akawa mwekundu, akavua kofia. Alizungumza kwa muda mrefu, safari hii polepole, akimwelekea mama wa marehemu. Khatib, aliyejifunza Kiingereza jeshini, alielewa kila neno. Alisema kwamba Nairobi ilikuwa kimya, na Aden, na meli zilizokuwa baharini, na kwamba hakuna binadamu ambaye angeweza kuitoa sauti Konde alasiri ile, hata angekuwa na mtambo wa mfalme.

Maalim Abrahman aliwatazama watu waliojaa. Wote alikuwa akiwajua. Wengine alikuwa nao chama kimoja, na ndio waliomsimamia mambo yake. Akateremsha macho.

"Anasema pole," alisema.

"Maalim!" Khatib alisimama. "Amesema zaidi ya hayo. Wafasirie yote!"

"Nimefasiri."

Basi Khatib akafasiri mwenyewe, neno kwa neno, mpaka mwisho. Bi Mwanawema alimwacha amalize.

"Weye ndiye unayeshitakiwa," alisema, "na weye ndiye shahidi?" Akajifunga kanga yake, akatoka, na watu wakatoka naye. Pelham alibaki amesimama na kofia mkononi, akiuliza kuna nini.

Haikupita wiki, Mize alifunga nguo zake.

"Ulikuwepo," Khatib alimwambia. "Wewe ulikuwepo, Mize. Uliona."

"Niliona. Nawaambia kila siku kwamba niliona." Alikuwa akilia, lakini mikono haikuacha kukunja. "Mama amesema haingii nyumba hii mpaka afe. Amebaki na mimi tu, Khatib. Nifanye nini miye?"

Aliomba talaka yake, na Khatib akampa.

Bi Mwanawema alikufa mwaka uliofuata, wakati wa vuli. Khatib alivaa kanzu safi akenda. Hakuna aliyemfukuza. Jeneza lilipotoka alisogea kutia bega, kama kila mwanamme anavyosogea, na waliolishika wakaongeza mwendo. Akasogea tena upande wa pili. Pale palikuwa na Maalim Abrahman, ambaye mkono wake ulikuwa juu ya mti wa jeneza, na nafasi nyuma yake ilikuwepo. Macho yao yakakutana.

"Maalim, nipishe kidogo tu," Khatib alisema kwa sauti ya chini. "Alikuwa mama yangu."

Abrahman alitazama mbele, akasoma kalima kwa sauti kubwa pamoja na wenzake, wala hakusogea. Khatib akawafuata kwa nyuma mpaka makaburini, peke yake.