Mlio Mmoja

Mashuka kumi na moja ya nyumba ya wageni yalikuwa bado kwenye kamba, siku ya tatu, na Dobi hakuwa ameyagusa. Yalinyeshewa Jumatatu, yakakauka yenyewe, yakiwa na michirizi ya kutu kutoka kwenye bati la jirani. Sasa yalining'inia makavu na magumu kama ngozi. Mwenye nyumba ya wageni alituma mtu kuyachukua. Yule mtu akaona viatu vingi mlangoni, akaelewa kuna msiba, akaondoka kimya.

Mumewe, ambaye kila mtu alimwita Mrefu, alichimba mitaro ya mabomba makubwa ya maji. Kila asubuhi saa moja nyapara alipanda juu ya ndoo iliyopinduliwa, akatoa simu ya kampuni, akawasomea vibarua utabiri wa hali ya hewa. Asilimia ya mvua ikizidi hamsini, hakuna kazi, rudini makwenu na siku hiyo hailipwi. Ikipungua, kila mtu ashuke. Hakuna aliyehitaji kutazama juu. Ile simu waliipa jina la Nabii.

"Wazee walisema dalili ya mvua ni mawingu," Mrefu alizoea kutania. "Siku hizi dalili ya mvua ni asilimia."

Kabla ya kuacha simu yake stoo na kushuka, alimbipu mkewe. Mlio mmoja: anga safi, fua, anika. Miwili: usiloweke kitu. Kwa miaka miwili Dobi alipanga siku zake kwa milio hiyo. Lini aloweke, lini apige pasi, lini awapelekee wateja nguo zao. Mara nyingi ulikuwa mlio wa uongo. Jioni walicheka, wakasema Nabii leo kaamka na pombe za jana.

Jumatatu simu ililia mara moja, naye akaanika. Saa sita mvua ikashuka kama iliyomwagwa kwa pipa. Alikimbia na beseni, akateleza, shuka moja likaanguka kwenye tope. Akiwa bado amepiga magoti alisema kwa sauti, majirani wakisikia:

"Mwanamume mwongo huyu. Leo akirudi atayafua mwenyewe. Na kama hayafui, asirudi."

Saa ile ile ukuta wa mtaro uliporomoka. Pale alipokuwa amesimama Mrefu, kina kilimzidi kwa mikono miwili.

Tangu hapo Dobi hakuweza kusali. Yeye ambaye hakuwahi kumeza tonge bila kumshukuru Mungu, sasa alipiga magoti kando ya kitanda, akafumba macho, akafungua kinywa, na neno lililomjia lilikuwa lile lile. Asirudi.

Alhamisi alikwenda na shemeji yake, mdogo wa Mrefu, hadi ofisi ya mradi. Lilikuwa kontena lenye meza moja na feni isiyozunguka. Mwili ulikuwa mochwari, na mochwari hawakuutoa bila ripoti ya tukio. Ripoti ilikuwa kwa kampuni. Manyunyu yaligonga bati, ikabidi karani apaze sauti.

"Pole sana, mama. Keti. Weka dole gumba hapa chini, nami nawapigia mochwari sasa hivi. Kesho mnazika."

"Inasemaje?"

"Ni mambo ya kawaida tu."

"Nipe niisome."

"Unajua kusoma?"

"Najifunza. Ni taratibu, lakini nafika."

Karani alitazama saa ya ukutani, akaisukuma karatasi. Dobi alifuata mistari kwa kidole, midomo ikicheza. Hali ya hewa siku ya tukio: anga safi, hakuna mvua. Chanzo: marehemu alichimba chini ya ukuta kinyume cha maelekezo.

"Mvua ilinyesha," alisema.

"Mfumo unasema haikunyesha."

"Mwanangu, mashuka yangu yalilowa."

"Mama, siwezi kuandika mashuka kwenye ripoti. Tazama, ushahidi huu hapa." Akafunua ukurasa wa pili. Ilikuwa picha ya kioo cha ile simu, tarehe ya Jumatatu, na jua la njano lililokaa katikati bila wingu hata moja. Juu ya jua palikuwa na jina la mji. Dobi alilisoma. Akalirudia herufi kwa herufi, akidhani amekosea.

"Huu si mji wetu."

"Hapo ni makao makuu."

"Ni safari ya kutwa nzima kwa basi."

"Simu ilifunguliwa na kupangwa kule kabla ya kuletwa. Ndivyo ilivyokuja."

"Kwa hiyo miaka miwili mnawasomea watu mvua ya huko?"

Karani alimgeukia nyapara, aliyekuwa mlangoni akikung'uta mwavuli. Nyapara akakohoa.

"Dada, sisi haturuhusiwi kuigusa. Kubadili mji ni mpaka idhini itoke makao makuu. Niliomba."

"Ulikuwepo Jumatatu."

"Nilikuwepo."

"Ulilowa?"

Nyapara alitazama viatu vyake. "Nililowa mpaka chupi, dada."

"Basi mwambie aandike."

"Mimi nilishasaini jana," alisema nyapara. "Nina watoto wanne."

Shemeji mtu aliinua kichwa kana kwamba atasema neno. Akakiinamisha tena.

"Mama, sikulazimishi," karani alisema, na sauti yake ilikuwa ya upole wa kweli. "Ukikataa, faili linarudi makao makuu kuangaliwa upya. Mwezi, miezi miwili. Na mochwari ya hapa unaijua, umeme ukikatika unakatika. Uamuzi ni wako."

Dobi alimfikiria Mrefu kwenye droo ya chuma, miguu ikiwa imekunjwa kwa kukosa nafasi, kama alivyoikunja kwenye kitanda chao. Alitaka kuomba. Neno likaja. Akaona kwamba kwa kuwa yeye mwenyewe ndiye aliyesema asirudi, na karatasi hii ndiyo pekee ya kumrudisha, basi hana pa kushika.

"Nipe kalamu. Jina langu najua kuliandika."

Mrefu ndiye aliyempeleka kujiandikisha shule ya jioni, akabaki nje ya dirisha akimtania mpaka mwalimu akamfukuza.

"Dole gumba linatosha," karani alisema, akamsogezea wino.

Walipotoka, nyapara aliwafuata hadi getini, akamgusa yule mdogo mtu bega.

"Nafasi ya kaka yako ipo. Jumatatu, saa moja."

Njiani Dobi alisimama, akamgeukia.

"Usiende, shemeji."

"Getini umewaona wale waliochuchumaa? Wanasubiri nikatae."

"Umesikia kwa masikio yako ile simu ni ya wapi."

"Nimesikia. Na Jumatatu wote watakuwa wamesikia. Watashuka." Alitoa mfukoni simu ya Mrefu, aliyokabidhiwa na stoo pamoja na shati. "Nitakubipu, kama yeye. Upate kupanga kazi zako."



Ijumaa walimzika. Jua liliwaka kutwa, kama ripoti ilivyosema.

Jumatatu alfajiri aliyateremsha mashuka, akayaloweka upya. Wino wa zambarau ulikuwa umejikita kwenye mistari ya dole gumba lake. Alilisugua kwa sabuni, kwa jiwe, kwa dawa ya madoa, likabaki vile vile. Kufika saa moja, upande wa kule mtaroni anga lilikuwa jeusi kama chungu, na upepo ulileta harufu ya udongo uliolowa. Wanawake wa uani walikuwa tayari wanaanua.

"Dobi, unaanika au unaloweka?" mmoja alimtania kwa upole. "Huoni juu?"

Alikuwa ameshika shuka la kwanza, maji yakimtiririkia viwikoni. Simu iliyokuwa juu ya kigoda ikalia. Kwenye kioo kukatokea jina alilojifunza kuliandika kabla hata ya jina lake mwenyewe: Mrefu.

Ikalia mara moja. Ikanyamaza.

Alisubiri mlio wa pili. Alisubiri hata pale tone la kwanza lilipoanguka juu ya jina lile, likalivimbisha. Kisha akaliacha shuka likaanguka, akafuta kioo kwa dole gumba, akaanza kupiga yeye. Simu ikaita. Ikaita huko stoo, juu ya rafu, katikati ya simu za wenzake waliokwisha kushuka.