Panyabuku Walivyonifundisha Kunusa Kikohozi

Usiku wa kuamkia leo niliota nimeajiriwa na panya.

Si panya hawa wa darini wanaotafuna sabuni. Ni panyabuku, wale wakubwa kama paka, ambao hapa Morogoro watu huwafundisha kunusa kifua kikuu. Huyu aliyekuja kwangu alivaa koti jeupe lililopigwa pasi, na mkia wake ameupitisha kwenye tundu lililopindwa vizuri kwa uzi. Alipiga hodi, akasubiri. Nikaona ana adabu kuliko wajukuu zangu.

"Samahani, bibi," akasema. "Hapa ndipo kwa wale wanawake wanaozungumza na kuku?"

"Ndipo. Karibu."

"Ahsante. Sisi kule chuoni tunachunguza tabia za binadamu. Tumegundua kwamba wawili wao wakigombana, husema na mfugo. Faida yake hatujaijua."

Nikamweleza, maana hata ndotoni mimi si mchoyo wa maneno. Mume wetu Kobelo alikufa akatuachia nyumba moja, uwanja mmoja, na ukuta katikati ya vyumba. Upande huu mimi, bi mkubwa. Upande ule Sikudhani, bi mdogo. Kwenye harusi ya watu Sikudhani alisimama akasema maandazi yangu yanafaa kuzuilia mlango usipigwe na upepo. Tangu hapo hajaniamkia, na mimi siwezi kumsemesha mdogo ambaye hajaniamkia. Basi nikiwa na neno namwambia kuku, ili yeye asikie. "Wewe kuku, mwambie mwenye jiko, moshi unaingia kwangu." Naye humwambia kuku huyo huyo, "Kuku wee, mwambie mwenye pua aizibe."

"Na anavyokohoa?" panya akauliza.

"Anakohoa, ndiyo. Tangu kabla ya mvua hizi. Anakohoa mpaka kitanda chake kinagonga ukuta wangu."

"Umemwambia nini?"

"Nimwambie nini? Hajaniamkia."

Kuku akatoka chini ya kitanda, akajikung'uta vumbi. "Mimi naomba kuacha kazi," akasema. "Juzi huyu bibi aliniambia, 'Kuku, mwambie mtu kikohozi hicho kinatisha.' Lakini alisema kwa sauti ya chini, makusudi, hata mimi nilisikia kwa shida. Nikatoka niupeleke ujumbe. Katikati ya uwanja nikakuta punje ya mtama. Nilipomaliza kula, nikawa nimesahau."

"Mnafiki mkubwa," nikamwambia. "Na pumba zangu unakula."

"Pumba nakula kwa ukuku wangu. Kutumwa ni kazi nyingine."

Panya akatikisa masharubu kama mtu aliyepata alichokifuata. Ukuta ukajisogeza bila kelele, chumba kikawa kirefu, kikawa chuo.

Sasa nimevaa mkanda wa kifuani, mwekundu, wenye kamba. Mbele yangu kuna sanduku refu la kioo. Sakafu yake ina matundu, na chini ya kila tundu kuna kikombe chenye kikohozi cha mtu. Panya amekalia mbuzi yangu ya kukunia nazi. Mkononi ana kidude cha bati. Kikilia ka, nimepatia, napewa ndizi. Kisipolia sipewi kitu, na kununa hairuhusiwi.

Naingia kwa magoti. Nanusa kikombe cha kwanza.

"Huyu amekula dagaa, na hawakuoshwa."

Kimya.

Nasogea. "Huyu mume wake kasafiri, na hana huzuni yoyote."

Kimya.

"Huyu namjua! Ni yule anayewakataza vijana sigara. Yeye huvuta nyuma ya choo."

"Bibi," panya akasema, "tunatafuta ugonjwa. Umbea hauna ndizi."

"Ungekuwa nayo, ningekuwa nimenenepa zamani."

Nikasogea tena. Kikombe kilichofuata kikaniwahi.

"Shikamoo, bi mkubwa."

"Marahaba," nikajibu. "Wewe wa nani?"

"Mimi wa chumba cha pili. Kwa Sikudhani."

Nisiseme uongo, roho yangu ilipoa. Kutoka chumba kile sijapata shikamoo siku nyingi. Nikainama nitazame. Ndani ya kikombe kikohozi kimekaa mkao wa kula, kijivu, kimejitanda kipande cha khanga. Kimeshiba.

"Nina ombi dogo," kikasema. "Nusa, halafu upite. Usiseme kitu. Nimepata kifua kizuri, kina nafasi, na mwenyewe ananiita vumbi la mkaa."

"Nami nitapata nini?"

"Nitakuamkia kila asubuhi. Shikamoo kamili, siyo ya kuvuta midomo."

"Na Sikudhani?"

"Sikudhani hatakuwepo wa kukunyima."

Kilisema hivyo kwa upole, kama mtu anayekuelekeza dukani.

Nikafikiri kidogo. Ndiyo, nilifikiri, na atakayenilaumu kwanza aishi ukewenza. Lakini kufikiri kwenyewe kulihitaji nafasi, kwa hiyo sanduku likapasuka, likawa uwanja mkubwa usio na mti, na jua la saa saba limesimama utosini.

"Huku wenzangu hutafuta mabomu yaliyofukiwa," panya akasema. "Wao ni wepesi, wakikanyaga hayalipuki."

"Mimi yatalipuka. Nina uzito wa heshima."

"Usiogope. Leo kimefukiwa kile kikombe tu." Akatoa kopo mfukoni. "Lete masikio."

"Ya nini?"

"Anayeingia uwanjani hupakwa dawa ya jua masikioni. Ndiyo kanuni."

"Mwanangu, mimi na jua tumekua pamoja."

"Kanuni, bibi."

Akapanda begani, akanipaka huku na huku kwa vidole vya baridi. Nikatulia. Muda mrefu hakuna aliyenishika masikio kwa wema.

Ndipo nikaona ile kamba ya mkanda wangu imevuka uwanja mzima. Mwisho wake ameishika mtu. Nakaza macho. Ni Sikudhani, amekonda mpaka khanga inamzunguka na kubaki. Ametazama kwingine. Kila akikohoa kamba inatikisika, nami natikisika.

"Anajua mimi ndiye niko huku?" nikauliza.

"Hajui."

"Nifanye nini?"

"Ukinusa ugonjwa, kwaruza ardhi. Basi."

"Nikikwaruza nitakuwa mimi ndiye nimeanza."

"Umeanza nini?"

"Kumsemesha. Mimi bi mkubwa!"

Panya akakaa kitako, akafuta miwani ambayo hakuwa nayo. "Bibi, sisi tumechunguza wanyama wengi," akasema. "Fisi, nyuki, mpaka konokono. Hatujapata mwingine anayemwacha mwenzake afe kwa sababu ya kungoja salamu."

Kule chini kikohozi kikaanza kubembeleza. "Shikamoo. Shikamoo, bi mkubwa. Shikamoo, mama wa wote." Kilisema vizuri sana. Kingeweza kuoa.

Kamba ikatikisika tena. Safari hii ikalegea, kama mkono wa kule unaiachia.

Nikapiga magoti. Nakwaruza. Nakwaruza kwa kucha zote, vumbi linaniingia mdomoni, shikamoo zinageuka matusi, sijali, nakwaruza. Kuku akapita karibu akatazama.

"Si hivyo," akasema. "Tumia na miguu."

Nikatumia na miguu.

Ka!

Nikaamka. Shuka liko sakafuni. Kumeanza kupambazuka, na upande wa pili kitanda kinagonga ukuta.

Nikatoka. Sikudhani alikuwa ameketi kizingitini kwake, anapepea jiko kwa mkono mmoja, mwingine ameuweka kifuani. Kuku yuko katikati yetu, anachakura. Nikafungua mdomo nimtume. Kuku akanyanyua shingo akanitazama. Nikafunga mdomo.

"Sikudhani," nikasema.

Akageuka nyuma kuona anayeitwa ni nani. Hakukuwa na mwingine. "Unaniita mimi?"

"Wewe. Kikohozi hicho kimekuwa kikubwa. Vaa, twende kituo cha afya wakakupime."

"Ni vumbi la mkaa tu hili."

"Ndivyo kinavyotaka useme."

Kipepeo cha jiko kikasimama hewani. "Mbona mimi sijakuamkia," akasema polepole.

"Sijaja kuamkiwa. Nimekuja uvae viatu."

Alitazama jiko, akatazama miguu yake. Nikadhani ataniambia niende na maandazi yangu. Akasema, "Naogopa, dada. Juzi nilitema damu. Sikuwa na wa kumwambia."

"Sasa umeniambia mimi. Inuka."

Nikamshika mkono akainuka. Ulikuwa mwepesi. Akasimama ananitazama usoni kwa karibu, maana hatujawa karibu hivyo tangu mazishi, mara akaanza kucheka. Cheko likamletea kikohozi, nikamshika mgongo mpaka kikapita.

"Bi mkubwa," akasema akifuta machozi, "twende, lakini si hivyo. Umepaka nini masikioni? Meupe pee!"

Nikagusa. Yalikuwa na mafuta mazito, ya baridi.

"Hebu," akasema, akachukua ncha ya khanga yake akanipangusa sikio la kulia, mafuta yakatoka. Alipofika la kushoto mkono ukasimama. Akainamisha kichwa changu kwenye mwanga.

"Na alama hizi za vidole vinne, vidogo hivi, ni za nani?"

"Twende," nikasema. "Pale foleni huanza mapema."