Baba Alitaka Moyo Wake Ufaulu

Nilimkuta baba yangu, mzee Bizimana, amekaa sebuleni na koti lake la misa, mikono magotini, hatikisiki. Nilikuwa nimesafiri kutoka Biharamulo hadi Murusagamba, mwisho kwa bodaboda kwenye barabara inayogonganisha meno, ili nihakikishe jambo moja tu: kwamba anafanya kazi.

"Shikamoo baba. Mbona umekaa?"

"Marahaba. Sema polepole. Inaandika."

Alionyesha kifua. Chini ya shati kulikuwa na kimashine chenye nyaya alichobandikwa hospitalini jana yake. Wiki chache nyuma, akiwa anakamua ndizi za pombe, mdomo wake ulipinda na maneno yakamkataa. Tulipomfikisha hospitalini alikuwa anaongea tena, tena anagombana na nesi, na kipimo kikaonyesha moyo uko sawa. Daktari hakuridhika. Alitueleza kuwa kuna moyo unaopoteza mpangilio kwa muda, kisha unajirudi kama haujafanya kitu. Damu hutuama humo ikaganda, na bonge likipanda kichwani ni kiharusi. Dawa ya kuzuia ipo, lakini inaweza kumtoa mtu damu, kwa hiyo alitaka kwanza auone moyo ukikosea. Akamsisitiza baba aishi kama kawaida: alime, akamue, agombane.

Baba alisikia neno moja tu, kipimo. Kwake kipimo ni mtihani, na mtihani mtu anafaulu. Mama yangu, Ildefonsa, alisema hajawahi kuishi na mwanamume mtulivu kiasi kile, na kwamba anaogopa.

"Baba, nyanyuka. Ndizi zimeiva shimoni, harufu inafika barabarani."

"Nikikanyaga ndizi moyo utakimbia. Itaandika vibaya."

"Ndicho tunachotaka."

"Nilikusomesha ili uje kutaka baba yako aandikwe vibaya?"

Nilieleza, nikabembeleza, nikatishia. Nilimwuliza akipooza nani atamlisha uji. Akanijibu kuwa sauti yangu inamwongezea mapigo. Kimashine kilitakiwa kurudishwa kesho yake asubuhi. Mzee huyu angekirudisha kimejaa utulivu mtupu, aambiwe ni mzima, kisha tumzike.

Nikaenda kwa jirani yetu Bartholomayo, nikamwomba aje atukamulie. Bartholomayo ni mtu mwema asiyejua kukamua, na kijiji kizima kinajua. Anakanyaga ndizi na nyasi za kuchujia juisi kama anayevuka tope la mtu mwingine. Mtumbwi wa kukamulia niliuburuta mwenyewe hadi mbele ya dirisha la sebule, na dereva wa bodaboda aliyenileta nikamwambia asiondoke, baba asije akazidiwa.

Baba alivumilia. Alifumba macho, akaanza rozari. Kisha tukamsikia: "Ongeza nyasi."

Bartholomayo akaongeza maji.

Koti lilibaki kwenye kiti. Baba alitoka amekunja suruali, akamshusha Bartholomayo mtumbwini kwa kola, akanawa miguu na kuanza kukanyaga, huku akitukana kwa Kihangaza maneno nisiyoweza kuyaandika. Nyasi zikajaa, juisi ikaanza kutoka safi. Halafu akasimama, akashika ukingo wa mtumbwi.

"Umeanza," alisema.

Nilimkalisha, nikamshika mkono kutafuta mapigo. Moja, kimya, mawili yakikimbizana, kimya tena. Nilifurahi. Baba yangu anatetemeka jasho likimtoka, nami nimefurahi, na kwa hilo nilijichukia. Nikamwambia ataje majina ya watoto wake, nisikie kama ulimi uko sawa. Akayataja yote bila kukosea, akianza na yule tuliyemzika.

Kesho yake daktari aliyatazama maandishi ya kile kimashine na kumwandikia dawa.

"Nimefeli?" baba aliuliza.

"Umefeli, mzee. Tena imekusaidia."

Tukapanda bodaboda kurudi nyumbani. Nililia nyuma ya bodaboda nikijifanya ni vumbi.

Dawa anameza kila jioni, amenuna, na mdomo wake haujapinda tena. Ila hadi leo hamsalimii Bartholomayo. Anasema angeongeza nyasi kama alivyoambiwa, moyo ungefaulu.